Kubadilisha mauntingi za injini kwenye pikapu ya zamani ukiwa nyumbani

Pikapu nyingi zinazopanda Kibosho, Uru na Marangu, huku mlimani Kilimanjaro, na mikungu ya ndizi, mbolea au mchanga zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozipakia. Injini zake bado zinadai kazi. Kinachokufa kimyakimya ni mpira unaoibeba injini, yaani mauntingi. Mwenye gari anauzoea mtetemo siku hadi siku, mpaka feni inapoanza kula kava lake au mpira wa rejeta unapochomoka katikati ya mlima. Hapo ndipo anaanza kuuliza chanzo.

Kazi ya kuzibadilisha inafanyika nyumbani bila shida. Hufungui injini, hugusi mkanda wa taimingi, humwagi oili. Unachohitaji ni sehemu tambarare, jeki ya kuaminika, spana za kawaida, msaidizi anayesikiliza, na siku nzima isiyo na safari. Mfano wangu ni Hilux za zamani zenye injini za dizeli 2L, 3L na 5L, kwa kuwa hapa Moshi hazikosekani, lakini utaratibu haubadiliki sana kwa pikapu yoyote ambayo injini yake imekaa kwa urefu wa gari na kusukuma magurudumu ya nyuma.

Zinafanya kazi gani, na nini kinaziua

Pikapu ya aina hii ina mauntingi tatu. Mbili ziko mbele, moja kila ubavu wa injini. Ya tatu iko nyuma, chini ya giaboksi, imekalia krosimemba, yaani chuma kinachokatisha kutoka ubavu mmoja wa chesisi hadi mwingine. Kila moja ni bonge la mpira lililogandishwa na chuma kiwandani: upande mmoja unafungwa kwenye injini au giaboksi, upande mwingine kwenye chesisi. Mpira huo unabeba uzito, unameza mtetemo, na unaizuia injini isijipindue unapoachia klachi.

Hilo la kujipindua ndilo linalozimaliza mauntingi za magari ya mlimani. Ukisimama mbele ya gari na kuitazama injini, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka kama mshale wa saa. Nguvu inapokwenda kwenye magurudumu ya nyuma, bloku, yaani mwili wa injini, inasukumwa kinyume chake. Kwa hiyo ukipiga gia ya kwanza ukiwa na mzigo, ubavu wa kushoto wa injini, ule wa upande wa abiria, unanyanyuka, na ubavu wa kulia unagandamizwa. Mpira unastahimili kugandamizwa kuliko kuvutwa. Ndiyo sababu mara nyingi mauntingi ya kushoto ndiyo inayotangulia kubanduka kwenye chuma chake. Ukirudi rivasi mambo yanageuka: kulia ndiko kunakonyanyuka.

Adui wa pili ni mafuta. Oili inayovuja kutoka kwenye kava la juu la injini, au dizeli inayochuruzika kutoka kwenye pampu, ikiufikia mpira unavimba, unalainika kama embe lililoiva kupita kiasi, kisha unachanika. Ukibadilisha mauntingi bila kuziba uvujaji huo, mpya nayo itakwenda njia hiyohiyo. Wa tatu ni umri na joto la egzosi: mpira unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka.

Hakikisha kwamba ndizo zilizokufa

Gari linaweza kutetemeka kwa sababu nyingi, na nimeona watu wakinunua mauntingi kumbe tatizo ni nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Ikiwa injini inatoa moshi mwingi na mlio wake kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, haulingani, shughulikia nozeli kwanza. Ikiwa mtetemo unakuja pale tu unapoachia klachi na kuisha ukishaiachia yote, ikague klachi pia. Mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka barabarani, mfano kati ya Moshi na Himo, hutoka zaidi kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na krosi (viungo) zake, au kwenye magurudumu.

Mauntingi zilizokufa zina tabia zake. Gari linatikisika kwenye sailensa hadi dashibodi inalia, ukikanyaga mafuta kidogo linatulia. Ukizima injini unasikia mtikiso mmoja mkubwa kabla haijalala. Ukiachia klachi kunagonga chini, "gudu". Mkono wa gia unaruka mbele na nyuma unapokanyaga na kuachia mafuta. Ukitazama ndani ya kava la feni unakuta mikwaruzo ya duara. Na ukiona bomba la egzosi linapasuka palepale kila likichomelewa, usimlaumu mchomeleaji. Injini inacheza na bomba linafuata.

Baada ya dalili, fanya jaribio. Weka gari sehemu tambarare, vuta hendibreki, ziba magurudumu kwa vigingi mbele na nyuma, fungua boneti. Mtu mmoja akae kwenye usukani na kukanyaga breki kwa nguvu zote. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele wala nyuma, na usiruhusu mtoto kupita. Mwenzako apige gia ya kwanza, aachie klachi taratibu mpaka injini ianze kulemewa, kisha aikanyage tena mara moja. Sekunde moja inatosha. Ukizidisha unaichoma klachi. Injini yenye mauntingi nzima itajivuta kidogo na kurudi. Iliyobanduka itanyanyuka ghafla kwa sentimita kadhaa upande wa kushoto, na ukiachia itaanguka kwa kishindo. Rudia kwa rivasi huku ukitazama upande wa kulia.

Zima injini, iache ipoe, uingie chini na tochi. Tazama pale mpira unapokutana na chuma. Ufa uliojaa vumbi jekundu ni wa siku nyingi. Ufa wenye kingo nyeusi safi ni wa juzi. Chomeka mtaimbo kati ya mkono wa mauntingi na chesisi, unyanyue kidogo bila kutumia nguvu nyingi: ukiona chuma cha juu kinaachana na mpira, jibu umelipata. Mauntingi iliyobonyea hadi chuma cha juu kinakaribia kukigusa cha chini nayo imekufa, hata kama haina ufa wowote.

Kuhusu kuchomelea na vipande vya tairi

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Mauntingi ikishabanduka, utaambiwa mambo mawili. La kwanza, "tuichomelee tu, haitacheza tena." La pili, "tukate tairi tuweke katikati." Yote mawili yanakufikisha shambani siku hiyo, na yote mawili yanakuletea gharama kubwa baadaye.

Ukichomelea, injini na chesisi vinakuwa kitu kimoja. Mtetemo wa dizeli ya silinda nne hauna pa kwenda, kwa hiyo unatafuta sehemu nyingine ya kupasua: mkono wa mauntingi kwenye chesisi, kibebeo cha alteneta, vishikio vya rejeta, mabomba ya dizeli. Jirani yangu aliichomelea ya kwake. Kilichopasuka ni chesisi yenyewe, pale mkono unapokutana nayo, na kuitengeneza chesisi ni kazi nyingine kabisa. Nacho kipande cha tairi kina nyuzi za waya ndani na hakijagandishwa na chochote. Kinazuia injini isianguke chini, lakini hakiizuii isinyanyuke, na kunyanyuka ndiko kunakoleta madhara. Ukilazimika kufanya hivyo porini ili ufike mjini, fanya, uendeshe polepole, kisha ukiondoe kesho yake.

Kununua

Usiende dukani na kusema "nipe mauntingi za Hilux". Muuzaji mzuri atakuuliza palepale, "Ya injini gani kaka, na ni foo wili?" 2L ina ujazo wa sisi (cc) 2,446, 3L ni 2,779, na 5L ni 2,986, na ndani ya familia hiyohiyo mauntingi za gari la magurudumu mawili na la manne zinaweza kutofautiana. Soma kibati cha gari kwenye chumba cha injini, kipige picha, uende nacho kwenye simu. Bora zaidi, piga picha mauntingi zenyewe zikiwa bado zimefungwa: idadi ya boliti, mkao wa pini ndogo ya kuelekezea, na kama kuna kibati cha kukinga joto.

Nunua zote tatu. Najua bei inauma, na utasema ya nyuma bado nzima. Lakini mpira mpya ukikaa pamoja na mpira uliobonyea, injini inakaa upande, na mzigo wote unaangukia ile mpya. Kama pesa haitoshi kabisa, badilisha mbili za mbele pamoja, ya nyuma ifuate mwezi ujao. Moja peke yake usibadilishe.

Spea mtumba za mauntingi sizishauri. Kifaa cha chuma cha mtumba kinaweza kudumu miaka, ila mpira unazeeka hata ukiwa umelala rafuni. Hata mpya ichunguze: ibonyeze kwa ukucha, inapaswa kuacha alama kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama jiwe, iache. Zungusha macho kwenye mstari wa mpira na chuma. Usikubali upenyo wala mapovu. Weka kushoto na kulia juu ya kaunta, ulinganishe kimo. Moshi ukikosa, Arusha ni kama kilomita 80, na maduka ya Dar es Salaam yanatuma mizigo kwa basi hadi stendi. Malipo yafanyike baada ya kutumiwa picha na kipimo cha kimo, usiridhike na jina tu.

Maandalizi

Vifaa: jeki ya mafuta yenye uwezo wa tani mbili au zaidi, na ya pili kwa ajili ya giaboksi, stendi mbili za jeki, vipande vya mbao ngumu vya ukubwa tofauti, soketi na ringi spana za 12, 14, 17 na 19, ekstensheni ndefu, mtaimbo, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, tochi, miwani ya kukinga macho. Miwani usiidharau, kwa maana chini ya pikapu ya zamani kutu na udongo mkavu vinadondoka usoni kila ukigusa boliti.

Mahali pa kufanyia kazi ni suala zito kwetu. Viwanja vingi vya mlimani vina mteremko, na wakati wa masika ardhi inalainika. Kama nyumbani kwako ni Uru au Kibosho na ua umeinama, teremka na gari kwa ndugu aliye na sakafu ya sementi huku chini. Jeki inayozama kwenye udongo ikiwa imebeba injini ni hatari ambayo hakuna uzoefu unaoifuta.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, nyunyizia dawa ya kutu kwenye boliti na nati zote za mauntingi na za krosimemba, baada ya kuzisugua kwa brashi. Usiku mmoja wa kuloweka unaokoa masaa ya asubuhi. Dawa hiyo isimwagikie mauntingi mpya zikishafungwa, kwani nayo ni mafuta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, ziba magurudumu kwa vigingi. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Kisha zunguka injini yote ukijiuliza kila kitu kilichofungwa upande mmoja kwenye injini na upande wa pili kwenye bodi: kitafika nikinyanyua sentimita tano? Legeza kava la feni kutoka kwenye rejeta na ulisogeze nyuma juu ya feni, maana feni itapanda pamoja na injini na kava halitapanda. Legeza klempu ya egzosi iliyoshikwa kwenye giaboksi. Tazama mipira ya rejeta na hita, mpira wa klachi, kebo ya mafuta, na waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda bodi. Waya huo ukiukuta umekatika umepata zawadi: mauntingi zikicheza sana huukata, na umeme wa stata unaanza kutafuta njia nyingine kupitia kebo na mabomba.

Kama pikapu yako iko juu kiasi cha kuingia chini bila kuinyanyua, usiinyanyue. Magurudumu manne yakiwa chini ndiyo usalama mkubwa kuliko stendi yoyote. Ukilazimika kuinyanyua, stendi zikae chini ya chesisi pande zote mbili, utikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Tofali si stendi. Linapasuka bila kutoa taarifa.

Kunyanyua injini

Injini na giaboksi kwa pamoja ni mzigo wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo mahali pa kuweka jeki ndipo penye uamuzi wote. Usiweke jeki chini ya puli ya krenki, wala chini ya kava la taimingi. Sampu, lile karai la oili chini ya injini, inaweza kukubali, kwa sharti kwamba umeweka ubao mpana na mnene unaosambaza uzito kwenye eneo kubwa, karibu na kingo zake pale inapofungwa kwenye bloku. Katikati ya sampu ni bati jembamba. Likibonyea linaweza kuifikia chujio ya pampu ya oili, na injini ikakosa oili bila wewe kujua. Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale bloku inapokutana na nyumba ya klachi, chuma ni kinene, ukiweka kipande cha mbao chenye umbo linaloshika vizuri.

Kwanza legeza nati na boliti za mauntingi zote mbili za mbele, kisha utoe nati ya juu ya upande unaoanza nao. Nyingine usizitoe. Kisha anza kunyanyua. Pampu moja, simama, tazama. Msaidizi awe juu akiangalia feni, rejeta, mipira na ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, na awe na ruhusa ya kusema "acha" bila kuulizwa sababu. Unataka nafasi ya kutoa mauntingi tu, sentimita tatu hadi tano hutosha. Ukiona umefika huko na bado imebana, kuna boliti umeisahau. Usiongeze jeki.

Hapo penye nafasi iliyopatikana, ingiza kipande cha mbao ngumu kati ya mkono wa injini na chesisi, upande ambao hufanyii kazi. Jeki ya mafuta inaweza kushuka yenyewe polepole. Mbao itaipokea injini. Na sheria moja isiyo na msamaha: vidole havipiti kati ya mkono wa injini na mauntingi. Kulenga matundu kunafanywa kwa ncha ya mtaimbo au bisibisi. Kidole kikiwa humo na jeki ikateleza, hakuna cha kujadili.

Kutoa na kufunga za mbele

Fanya upande mmoja hadi uishe, ndipo uende wa pili. Mauntingi iliyobaki inashikilia injini mahali pake na kukurahisishia kulenga matundu. Anza na kushoto, kwa kuwa ndiyo imechoka zaidi. Nati ya juu ikiwa imeshatoka, toa boliti za chini, vuta mauntingi kwa ubavu. Ikigoma, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira.

Boliti zikikataa, kuwa na subira. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Sogeza robo, rudisha, ongeza dawa. Bomba refu kwenye mpini wa spana linakata vichwa vya boliti zenye kutu, na nati nyingi upande wa chesisi zimechomelewa ndani, huwezi kuzifikia kwa nyuma. Ikikatika, usijaribu kuitoboa ukiwa umelala chini na drili ya mkononi. Rudisha mauntingi ya zamani na boliti zilizobaki, ushushe injini, na umwite fundi aje na vifaa vyake. Ni afadhali kupoteza siku kuliko kuharibu nyuzi za chesisi.

Mauntingi ikishatoka, sugua mkono wa chesisi kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Hapa ndipo utaona nyufa kama zipo, hasa pembeni mwa mistari ya kuchomelewa. Ufa mdogo uchomelewe na mtu anayejua kazi kabla hujafunga kitu kipya. Safisha nyuzi za boliti zote, upake rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma ulichosugua, uiache ikauke.

Linganisha mpya na ya zamani ukiziweka chini pamoja. Tazama pini ya kuelekezea na mshale kama upo. Mauntingi iliyogeuzwa itaingia, lakini injini itakaa upande. Kibati cha kukinga joto kikitoka kwenye ya zamani lazima kirudi kwenye mpya. Ingiza, pachika boliti kwa vidole zote, na ziwe zinazunguka bila kulazimishwa. Boliti inayoanza kubana kwa vidole imeingia upogo. Itoe, uanze tena. Usikaze chochote bado.

Rudia upande wa kulia.

Ya nyuma

Hii ni nyepesi zaidi. Sogeza jeki ya pili chini ya giaboksi, na ubao juu yake, ibebe uzito bila kunyanyua. Toa boliti za mauntingi zinazoingia kwenye giaboksi, kisha boliti za krosimemba kwenye chesisi, mara nyingi nne. Krosimemba ni nzito kuliko inavyoonekana, mwenzako aishike. Kabla ya kuishusha, weka alama ya rangi kuonyesha upande wa mbele, kwani kwenye magari kadhaa inakubali kurudi kinyume na propela ikakaa vibaya. Badilisha mauntingi, rudisha krosimemba, pachika boliti kwa vidole.

Kukaza

Sasa ndiyo sehemu inayotofautisha kazi itakayodumu na itakayorudi. Ukikaza mauntingi injini ikiwa bado juu ya jeki, mpira unafungwa ukiwa umejipinda, na utabaki umejipinda siku zote, ukivutwa hata gari likiwa limeegeshwa.

Toa vipande vya mbao, shusha jeki zote taratibu mpaka uzito wote ukae kwenye mauntingi. Ondoa jeki kabisa. Shika injini sehemu ya juu, uitikise kushoto na kulia mara kadhaa. Sogeza giaboksi kwa mtaimbo kidogo. Injini itatafuta mkao wake. Ndipo ukaze: krosimemba kwenye chesisi kwanza, kisha mauntingi ya nyuma, kisha zile mbili za mbele, ukipokezana kushoto na kulia.

Kitabu cha gari lako kikiwepo, fuata vipimo vyake. Kisipokuwepo, boliti ya milimita 10 ya daraja la 8.8, ile yenye kichwa cha 14, hukazwa karibu nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 45 hadi 50. Ya milimita 12, yenye kichwa cha 17 au 19, karibu 75 hadi 85. Hizo ni boliti safi na kavu. Zilizopakwa oili zipunguzie. Kama huna spana ya kupimia, nyutonimita 50 ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 20 hivi mwishoni mwa mpini wa sentimita 25, na 80 ni nguvu hiyohiyo kwenye mpini wa sentimita 40. Springi washa zilizolala ziwekwe mpya.

Rudisha kava la feni na uzungushe feni kwa mkono: nafasi kati yake na kava iwe karibu sawa pande zote. Ikiwa chini imebana na juu ni wazi, injini imekaa chini, na huenda ulipewa mauntingi fupi. Funga klempu ya egzosi, waya wa ethi, na betri mwisho, waya wa hasi ukiwa wa mwisho kabisa.

Majaribio

Washa, iache kwenye sailensa mpaka ipate joto. Usitarajie ukimya wa gari la petroli. Dizeli ya zamani ina sauti yake, ila dashibodi haipaswi kulia. Rudia jaribio la gia ya kwanza na rivasi, msaidizi kwenye usukani. Kisha endesha tupu kwanza, kwenye barabara ya lami, uzime na kuwasha mara chache, ubadilishe gia ukisikiliza chini. Kesho yake ndipo upande mlima na mzigo.

Kabla ya safari ya kwanza, chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kichwa cha kila boliti hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Baada ya wiki ya kazi, au kama kilomita 500, ingia chini na tochi uitazame mistari. Iliyonyooka iache. Ukikuta moja imekatika na kuhama, toa boliti hiyo, kagua nyuzi na washa yake, irudishe na ukaze upya kwa kipimo. Ikilegea mara ya pili, nunua boliti nyingine ya daraja lilelile, na ukague nati iliyochomelewa ndani ya chesisi, maana mara nyingi hapo ndipo nyuzi zilipoliwa.